Nilivyoshutumiwa Kufunga kwa Siri

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, katikati ya Ramadhani, namba za tepu yangu ziliacha kusomeka. Nilikuwa nimeinama juu ya kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye basi dogo, nikipima upana wa mgongo wake ili nikate ngozi bandia ya kukivalisha. Niliiona ile mistari na vile vitarakimu vyeusi, nikajua kabisa kwamba ni tarakimu, lakini sikuweza kusema ni ngapi. Nilijaribu tena. Jasho lilikuwa limeshuka kutoka kwenye mtandio hadi mgongoni, na mkono ulioshika chaki ulikuwa unacheza wenyewe.

Fundi ninayefanya naye kazi, Mkongomani wa Bukavu mwenye mikono mipana, aliacha kugonga misumari.

"Mama, iko nini? Uko natetemeka kama mashini ya kuharibika."

"Mkoba wangu," nilisema. Sijui kama nilisema au nilidhani nimesema.

Alifungua soda yake ya machungwa aliyokuwa ameificha chini ya meza kwa heshima ya mwezi, akanishika kichwa kama mtoto, akaniwekea chupa mdomoni. "Kunywa yote. Mambo ya dini utaongea nayo kesho."

"Sifungi. Nimeruhusiwa."

"Basi kunywa mbio, wale wa msikiti wasikuone. Watasema ni mie nimekuharibu."

Nilikunywa. Baada ya muda mfupi vidole vilianza kunitii, nikatoa kipima sukari mkobani, nikajichoma. Kilionyesha hamsini na sita, na hapo soda ilikuwa imeshaanza kufanya kazi. Kwa kipimo tunachotumia Kigali, chini ya sabini ni sukari iliyoshuka. Nilikaa kwenye kile kiti cha basi, nikiangalia barabara ya Gatsata inavyopanda kutoka Nyabugogo, magari mabovu yakivutwa kwa kamba kwenda gereji za juu. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki moja.

Nashona viti vya magari. Nilianza na sare za shule, kama wanawake wengi wa kwetu, kisha mteja mmoja akaniomba nimshonee kiti cha gari lililoungua, nikagundua kwamba kiti kinahitaji akili zaidi ya gauni. Gauni likikosea, mtu hujipinda. Kiti hakijipindi. Nina mashine mbili nzito zenye mguu unaotembea pamoja na kitambaa, na chumba kimoja chenye sponji hadi darini.

Presha ilinipata kabla sijafika arobaini na tano. Sukari ikafuata miaka michache baadaye, na mwisho kabisa daktari wa moyo aliniambia, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno, kwamba moyo wangu umechoka kusukuma dhidi ya ile presha. Kwa mwaka mzima nililala nimeegemea mito mitatu. Nikipanda kutoka stendi hadi dukani nilisimama njiani, nikijifanya natazama vipuri. Miguu ilivimba hadi viatu vikaacha kuniingia.

Kisha, miezi miwili kabla ya Ramadhani hiyo, daktari alibadilisha dawa moja. Aliondoa ya zamani ya presha, akanipa kidonge kipya cha moyo cha kumeza asubuhi na jioni. Sitatia chumvi. Haikuwa siku moja. Lakini ilifika asubuhi nikatambua kwamba nimelala na mto mmoja, na nikafika dukani bila kutazama kipuri hata kimoja. Fundi alishangaa kunikuta nafungua mlango kabla yake. Ndiyo maana nilikuwa sitaki mtu yeyote aguse kile kidonge, na ndiyo maana nilichelewa kukishuku.

*

Nyumbani kwetu ni Kagarama. Mume wangu ni mtu wa Kigoma, anafanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo iliyoko Kimihurura. Mwaka ule dada yake alikuja kufunga nasi, akashuka kwenye basi na furushi la samaki wakavu wa migebuka lililonuka hadi sebuleni kwa wiki nzima. Ni mjane, mkubwa wangu kwa miaka kumi, na ana ulimi. Mimi kwetu ni hapahapa Kigali. Babu wa mama yangu alikuja kutoka pwani na vitambaa vya kuuza, akaoa, akabaki. Kwa hiyo Kiswahili ndicho lugha ya jikoni kwetu, na wifi yangu hanionei huruma kama mgeni anaponisema.

Jioni ile, baada ya futari, nilieleza yaliyonipata dukani. Nilieleza kwa utaratibu: saa, dalili, kipimo. Wifi alisubiri nimalize, akamgeukia kaka yake kana kwamba mimi sipo.

"Amefunga huyu."

"Sijafunga, wifi. Nimekula saa saba."

"Mtazame midomo. Mimi nimefunga tangu sijavunja ungo. Mdomo wa aliyefunga naujua hata gizani."

"Nimekula ugali wa mtama, mchicha wa dodo na maharage."

"Nani alikuona?"

Nilifikiri. "Hakuna."

"Enhe." Alijimiminia chai. "Wifi yangu, pepo ina milango minane, wewe unataka kuparamia dirisha."

Mume wangu hakucheka. Alikuwa amekunja karatasi zote za kufutia mikono kuwa vipande vidogo vya mraba, jambo analofanya akiwa na hofu. "Umefunga au hujafunga, mimi sijui," alisema. "Ninachojua ni kwamba umekaa peke yako na visu na sindano kubwa, na unaanguka. Sitaki kukuzika kwa ajili ya viti vya magari, Mama. Yule Mganda wa Nyabugogo aliyetaka kununua mashine zako bado anazitaka zote mbili. Nimwambie aje baada ya Idi."

"Umeshazungumza naye?"

"Nimezungumza naye."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba duka langu lina siku zilizobaki. Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningejua la kumjibu.

Kwa nini hakuna aliyeniona nikila? Hili linahitaji maelezo kwa mtu asiyelelewa kama sisi. Kwetu mtu mwenye ruhusa ya kutofunga, awe mgonjwa, msafiri au mwanamke aliye katika siku zake, hali mbele ya watu. Hakuna aliyetulazimisha, tulikua hivyo. Nilipokuwa msichana, siku zangu za kutofunga nilikula chumbani mlango umefungwa, nikafuta midomo, nikatoka na uso wa mtu mwenye kiu. Tulikuwa hodari sana wa uso ule. Mama yangu mwenyewe aliweza kukaa jikoni saa nzima asijue nani kati yetu mabinti ana chapati tumboni.

Dukani nilifanya vivyo hivyo. Ilipofika saa saba nilimtuma fundi akanunue uzi, au gundi, au kitu chochote, nikaingia nyuma ya pazia kati ya mabunda ya sponji na chombo changu cha chakula. Nilikula haraka, nikanawa, nikafunga chombo kwenye mfuko mweusi. Wote waliofunga pale mtaani, wauza vipuri na wapaka rangi, walinipa pole ya mfungo jioni, nami nikawaitikia. Kwa hiyo ushahidi wote uliokuwepo duniani ulikuwa dhidi yangu, na nilikuwa nimeuandaa mimi kwa adabu zangu.

Usingizi ulipogoma nilielewa jambo moja: nikitaka kubaki na mashine zangu, sharti nile hadharani.

*

"Kesho utakwenda nami dukani," nilimwambia wifi. "Utaniangalia nikila."

"Mimi? Na swaumu yangu?"

"Ulisema hakuna aliyeniona."

Hakuweza kukataa. Tulipanda pikipiki mbili, yeye akishikilia kofia ya kichwani kwa mikono yote na kusoma dua kwa sauti hadi dereva wake akaanza kuitikia amina. Dukani nilimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha teksi kilichokuwa sakafuni kikisubiri kuvalishwa. Alikijaribu, akadunda kidogo.

"Hiki ni kizuri kuliko makochi ya kaka yangu."

"Hayo makochi sikushona mimi."

Saa saba nilijichoma kidole mbele yake: mia moja na nane. Nikafungua chombo. Fundi aliona aibu, akatoka mwenyewe, akasimama mlangoni kama askari akitupa mgongo. Wifi yangu hakuona aibu yoyote. Alivuta kiti karibu.

"Tafuna vizuri nione. Usiweke shavuni."

"Wifi, mimi si panya."

"Meza. Fungua mdomo. Hilo dodo limebaki chini, kula na hilo. Loo, kisamvu kinanukia hivi na mimi nipo tu! Dhambi zangu zote zimefutwa leo."

Nilikula ugali wote, maharage, dodo, kisamvu alichopika yeye mwenyewe usiku, na ndizi moja. Baada ya saa moja kipimo kilikuwa mia na arobaini na kitu. Wifi aliitikia kwa kichwa kwa ushindi, kama vile ameshika mwizi: sasa kwa kuwa nimekula, sitashuka, na ukweli kwamba siku zote nilikuwa nafunga umejulikana.

Tukaendelea na kazi. Yeye alishika upande mmoja wa ngozi nikikata, akanisimulia habari za Kigoma. Saa tisa kasoro dakika chache nilihisi ule ubaridi nyuma ya masikio. Nilimpa kidole.

"Fanya wewe," nilisema. "Bonyeza hapa."

Alibonyeza. Tone likaingia. Tulingoja wote wawili, pamoja na fundi aliyekuwa ameshindwa kuendelea kututupa mgongo. Sitini na moja.

Wifi alikigeuza kile kipimo juu chini, kana kwamba kina namba nyingine upande wa pili. Kisha aliinuka, akachukua asali niliyokuwa nimeiweka dirishani, akanilisha kijiko kwa mkono wake, kisha cha pili.

"Nimeona kwa macho yangu," alisema. "Umekula kama mchimba kisima."

Halafu aliniambia jambo ambalo hata kaka yake hakulijua. Marehemu mume wake alikuwa na sukari, naye alifunga kwa siri. Alikuwa anabeba chakula chake kwenda nacho sokoni na kukigawa. Yeye, mkewe, aliosha chombo kitupu kila jioni akamshukuru Mungu kwamba mgonjwa wake anakula. "Kwa hiyo uliponiambia umekula na hakuna aliyekuona," alisema, "nilikiona kile chombo."

Nilimshika mkono. Aliuchomoa upesi, akafunika asali.

"Sasa niambie wewe unayesoma soma. Kama si njaa, ni kitu gani kinakula sukari yako?"

*

Hilo ndilo lilikuwa swali, na lilikuwa limeulizwa vizuri.

Shule yangu iliishia darasa la nane. Niliyoyajua baada ya hapo niliyatafuta. Presha ilipogunduliwa nilinunua kitabu cha wauguzi cha mtumba, cha Kifaransa, kimeng'oka jalada, nikakisoma polepole kwa miaka, ukurasa hadi ukurasa, na kamusi pembeni. Siamini kwamba kusoma kunamfanya mtu daktari. Kunamfanya mtu aulize swali moja badala ya kumi. Hilo linatosha.

Nilifanya kama ninavyofanya kiti kikikataa kukaa sawa: naangalia kilichobadilika. Insulini ilikuwa ileile, sindano asubuhi na jioni, kipimo kilekile tangu mwaka uliopita. Chupa ilikaa kwenye friji ileile. Chakula hakikubadilika sana, ila nilikuwa nimepunguza chumvi. Kazi ileile. Kipya kilikuwa kimoja tu, nami nilikuwa nimekizunguka siku zote hizo kama mtu anayezunguka shimo.

Nilitoa karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la kile kidonge na kuisoma mezani. Wifi alikuwa anachambua mchele upande wa pili. Pale panapoeleza watu wenye kisukari, iliandikwa kwamba sukari inaweza kushuka. Maneno machache, herufi ndogo. Haikueleza kwa nini. Nilirudi kwenye kitabu changu na kusoma nilichopata kwenye simu, na nitaandika hapa nilichoelewa, si zaidi.

Sote tumezoea kuuona moyo kama pampu. Ni pampu, lakini pia ni tezi. Damu inapojaa na kuzinyoosha kuta zake, kama inavyotokea kwa mtu mwenye presha ya muda mrefu, misuli ya moyo yenyewe hutoa homoni na kuzimwaga kwenye damu. Homoni hizo husafiri hadi kwenye figo na kuziambia: toeni chumvi, toeni maji. Huiambia mishipa ilegee. Ni namna ya moyo kuomba upunguziwe mzigo. Hayo nilikuwa nimeyasikia kidogo kliniki.

Nisilolijua ni kwamba homoni hizohizo hupita pia kwenye mafuta ya mwili na kwenye misuli ya mikono na miguu. Kule huhimiza mafuta yachomwe, na huonekana kuifanya misuli iisikie insulini vizuri zaidi. Insulini ni kama mtu anayebisha hodi ili sukari iingie ndani ya seli. Kwa mgonjwa kama mimi, waliomo ndani wamekuwa wazito wa kusikia, kwa hiyo tunabisha kwa nguvu zaidi, yaani tunadunga uniti nyingi. Homoni za moyo zikiwa za kutosha, masikio huzibuka kidogo. Na jambo la kusikitisha ni kwamba kwa watu wengi wanene wenye presha na sukari, homoni hizi huwa chache kuliko inavyotarajiwa, kwa sababu mwili huziondoa upesi. Mahali zinapohitajika zaidi ndipo zinapopungua.

Mwilini kuna kitu, kimeng'enya, ambacho kazi yake ni kuzikata homoni hizo vipande vipande. Nilikielewa mara moja kwa sababu ni mkasi. Kidonge changu kipya kinaushika ule mkasi. Homoni za moyo zinaishi muda mrefu zaidi, zinafanya kazi zaidi. Nilikuwa nimezisikia kwenye figo, kwa maana miguu iliacha kuvimba. Nilikuwa nimezisikia kifuani. Sasa inawezekana zilikuwa zimefika kwenye misuli, seli zikaanza kusikia hodi ya kawaida, na mimi kila asubuhi niliendelea kupiga mlango kwa nyundo.

"Unacheka nini?" wifi aliuliza.

"Huenda ninapona kidogo," nilisema. "Huenda ndiyo shida."

"Haya. Mtu anapona anaanguka. Hicho kitabu chako kimeng'oka jalada, na kichwa chako nacho kimeng'oka."

Lakini sikuwa na furaha kamili. Nilijua mume wangu atasema nini: dawa inayokuangusha, acha. Niliogopa na daktari atasema hivyohivyo. Bila kile kidonge nisingeweza kupanda barabara ya Gatsata. Mganda asingehitaji hata kunishawishi, ningempelekea mashine mwenyewe.

*

Miadi yangu ya kliniki ya moyo ilikuwa wiki iliyofuata. Sikuingoja. Nilikwenda asubuhi iliyofuata nikakaa kwenye benchi, wifi ubavuni mwangu na tasbihi yake, hadi daktari alipokubali kunipokea kati ya wagonjwa wawili. Ni mwanamke mdogo kwangu, Mnyarwanda, aliyejifunza Kiswahili kwa kuongea na wagonjwa, na hutuita sote mubyeyi, yaani mzazi, hata wasiozaa.

Nilimpa kipima sukari chenyewe. Kina kumbukumbu. Alibonyeza, akasoma, akabonyeza.

"Mubyeyi, hii yote iko mchana?"

"Alasiri. Ndipo sindano ya asubuhi inapokuwa na nguvu."

"Na unakula?"

"Anakula," wifi alijibu. "Mimi shahidi. Nimemwangalia hadi kwenye koo."

Daktari alimtazama kwa heshima mpya. Nikamweleza nilivyofikiri: kidonge, mkasi, homoni, masikio ya seli. Nilisema nikamaliza, nikaongeza kwa haraka, kabla hajafungua mdomo: "Lakini tafadhali usiniondolee."

"Nani alisema nitakuondolea?" Aliweka kipimo mezani. "Hii dawa inasaidia moyo. Moyo ndiyo ya kwanza. Sisi tutapunguza insulini."

Nilisikia wifi akiachia pumzi.

Daktari alinipigia hesabu yake taratibu, na napenda kuiweka hapa kwa sababu ilirekebisha yangu. Alisema ninachosema kinaelekea kuwa kweli, kwamba wagonjwa wengine wa moyo wenye sukari wanaopewa dawa hii huonekana kuhitaji insulini pungufu, na kwamba alikuwa amepanga kuangalia sukari yangu kwenye ile miadi. Lakini akanionya nisizipe homoni za moyo sifa zote. Uvimbe umeisha. Nimeanza kupanda mlima bila kusimama, na misuli inayotembea hula sukari. Nalala vizuri. Kila moja ya hayo hupunguza haja ya insulini. Na hata kule kwenye homoni, alisema, ule mkasi hukata vitu vingi, si homoni za moyo peke yake, kwa hiyo wataalamu bado wanabishana ni kipi kinafanya nini.

"Kwa hiyo sijui hasa," nilisema.

"Hata mimi. Najua tu tupunguze wapi." Akachukua simu akaongea na mwenzake wa kliniki ya sukari kwa Kinyarwanda, wakakubaliana, akaandika: sindano ya asubuhi ishushwe kwa sehemu moja ya tano, kipimo kila alasiri, nirudi. Kisha akaniambia neno moja ambalo mume wangu alilihitaji kuliko mimi. Alisema kuanguka kwa sukari kama huku si dalili kwamba mgonjwa anadhoofika. Safari hii ni dalili kwamba dozi imebaki nyuma na mgonjwa ametangulia.

Nilimwomba aliseme tena, kwenye simu, kwa mume wangu. Alicheka, akalisema. Upande wa pili wa simu nikasikia: "Ahsante, daktari. Ahsante sana." Halafu akauliza kama ninaweza kuendelea na mashine. Daktari akasema anayejua kukata ngozi aendelee kukata, ila awe na kitu kitamu karibu na asikae peke yake alasiri hadi tuone vipimo.

Vipimo havikutulia siku hiyohiyo. Alasiri ya kwanza nilikuwa sabini na nne, nikakaa roho juu. Baadaye nikashuka tena kidogo, daktari akapunguza tena, safari hii na ya jioni. Kisha ukaja mfululizo wa alasiri ambazo hazikuwa na habari yoyote: mia na kumi, mia ishirini na tano, mia na nane. Sijawahi kupenda namba zisizo na habari kama nilivyozipenda zile. Presha nayo ilibaki mahali pake. Nilianza kula dukani pazia likiwa wazi. Mpaka rangi wa jirani, ambaye amefunga mwezi mzima miaka yote ninayomjua, alipita akaniona na kijiko mkononi, akasimama.

"Mama, kumbe unaumwa? Na siku zote nakupa pole ya mfungo!"

"Nipe pole ya sukari."

"Basi pole ya sukari," alisema, akaenda zake, na mbingu hazikuanguka.

Wifi alibaki hadi baada ya Idi. Alisema ni kwa ajili ya pilau, lakini kila alasiri alikuja dukani, akakaa kwenye kiti chochote kilichokuwa sakafuni, akanipima mwenyewe na kutangaza jibu kwa mtaa mzima. Fundi alimpa cheo cha daktari mkuu. Wao wawili walibishana juu ya Kiswahili cha Bukavu na cha Kigoma hadi mimi nikakosa nafasi ya kuongea dukani kwangu.

Mganda alikuja siku tatu baada ya Idi, kama walivyopatana. Mume wangu alifika naye kutoka Nyabugogo kwa miguu. Nilikuwa kwenye mashine kubwa, nikishona ukingo wa kiti cha lori, na sikusimama, kwa kuwa ukingo ukikatizwa katikati huacha alama. Niliwasikia nyuma yangu. Mgeni alizunguka mashine ya pili, akagusa gurudumu, akainama kutazama mota.

"Ziko safi," alisema. "Nimekuja na pesa taslimu."

Nilifika mwisho wa ukingo, nikainua mguu wa mashine, nikakata uzi, nikageuka. Mume wangu alikuwa ananitazama mikono.

"Samahani, ndugu yangu," alimwambia. "Nimekuchosha bure. Mwenye mashine anazitumia."

Mganda alidhani ni mbinu ya biashara. Akatoa bahasha na kuongeza kiasi. Mume wangu akatikisa kichwa. Akaongeza tena, safari hii kwa uchungu. Wifi, kutoka kwenye kiti cha lori, alimwambia aendelee tu kuongeza, sisi tunafurahia kusikia. Mwishowe aliirudisha bahasha kwenye koti, akatupa mkono sisi sote wanne, akashuka barabara.

Tulipobaki wenyewe nilimuuliza mume wangu tumekataa kiasi gani. Alijaribu kusema kwa sauti ya kawaida, sauti ya ofisini, ya mizigo inayoingia na kutoka. Faranga laki tisa na elfu hamsini.